Mapacha wa Kondo Moja

Barabara ya Mgeta huiacha njia kuu ya Iringa karibu na Mzumbe, ikaikwea milima ya Uluguru. Huko juu mboga hulimwa miteremkoni, na maji huletwa kwa mifereji. Bustani mbili zikishiriki mfereji mmoja, ya juu hutangulia kunywa. Wa chini ana haki ya kulalamika, maana mwenzake ana mkono wa kuziba na wa kuzibua. Je, lalamiko hilo laweza kupelekwa tumboni mwa mama?

Mapacha wa kufanana hutokana na yai moja lililogawanyika. Wengi wao, zaidi ya nusu, hulishwa na kondo moja la nyuma, nalo halikugawanywa kwa mizani. Kiungamwana cha mmoja chaweza kushika katikati, penye nafasi, na cha pili kikashika ukingoni. Huyu hunawiri, yule hudumaa, ingawa asili yao ni moja. Matabibu huiona tofauti kuwa kubwa mdogo apungukiwapo robo ya uzito wa mwenzake: mkubwa kilo 2, mdogo kilo 1 na nusu. Awaonaye wamezaliwa hivyo ni mwepesi wa kusema kuwa mmoja amemnyang'anya mwenziwe, au kwamba mama hakula vyema.

Maneno hayo ni dhuluma. Mnyang'anyi hana budi kuwa na nia, na tumboni hakuna nia. Tena kuna ajabu zaidi. Juu ya kondo hilo mishipa ya mapacha huungana, na mara nyingine damu ya mkubwa humfikia mdogo, ikamwongezea siku ambazo fungu lake lisingempa. Aitwaye mnyang'anyi ndiye mlishaji! Wala hastahili sifa, kwa kuwa hisani hiyo nayo haikukusudiwa. Muungano huo una upande wa kutisha: mdogo akifa, damu ya mkubwa yaweza kumiminika ghafla katika mwili wa maiti, naye akafa au ubongo wake ukadhurika.

Kosa au wema, basi, ni wa walio nje. Kuzalisha mapema huweza kumwokoa mdogo, lakini humtoa mkubwa kabla mapafu yake hayajakomaa. Kungoja humfaa mkubwa, mpaka siku mdogo afapo. Katika hospitali chache duniani kiungamwana cha mdogo asiye na tumaini hufungwa ili mwenzake asalimike. Tendo hilo laweza kutetewa kwa sababu moja tu, kwamba bila yake wote wawili wangeangamia. Ukubwa si hoja. Mkubwa hakuupata kwa kustahili.

Kuwa kondo ni moja au mawili hubainika vizuri zaidi kabla ya wiki ya 14 ya mimba. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe picha ya ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Mama wa mlimani ateremkaye mjini Morogoro mimba ikiwa ya miezi minane hukuta shauri lililohitaji majuma ya kufikiriwa likitaka kukatwa kwa saa moja.