Udongo Mweusi wa Kirolirwe

Mzee mmoja wa Kirolirwe, kule Masisi, mashariki mwa Kongo, alimwachia mwanawe mlima wa malisho na agizo moja: "Mwanangu, ng'ombe wale majani, lakini mteremko wa juu usiutie jembe." Neno kaboni hakulijua. Alijua tu kwamba udongo wa pale ni mweusi, mwepesi, na hushika maji hata katikati ya kiangazi.

Kijana alipomzika baba, akauza ng'ombe. Miti akaichoma makala ya kupeleka Goma, majani akayawasha moto, akalima matuta yanayoshuka na mteremko, akapanda viazi. Mavuno ya kwanza yalimtia kiburi. Hakuelewa alichokuwa akikila. Weusi ule, wenye kaboni tele, ni majani na mizizi iliyooza kwa vizazi na vizazi: baridi ya mlimani ilivifanya vijidudu vya udongoni kula taratibu, na madini ya volkano yakaing'ang'ania mboji. Jembe likaifunua, jua likaipasha, vijidudu vikachangamka. Vilikula mchana na usiku, na pumzi yao, hewa ya ukaa, ikapanda angani.

Dunia nayo inazidi kupata joto. Huko Panama watafiti waliupasha udongo wa msitu kwa nyuzi 4 muda wa miaka 2. Hewa ya ukaa iliyotoka ikaongezeka kwa asilimia 55. Na udongo wa dunia nzima umebeba kaboni nyingi kuliko angahewa na mimea vikijumlishwa. Ni kweli, joto hili halikuanzia Masisi. Limetoka kwenye viwanda na magari ya nchi za mbali, na kijana angelalamika ningemuunga mkono. Lakini jembe lilikuwa lake. (Simsemi mkimbizi wa vita anayekata kuni ili watoto wale. Yule hana la kuchagua.)

Mvua za kishindo zikaukuta mlima uchi, zikashusha bondeni tabaka lote la juu. Pakabaki wekundu, na viazi vidogo kama mayai ya njiwa. Kijana akaenda kwa jirani.

"Muzee, nitie mbolea gani?"

"Kinga mteremko kwa matete, panda miti, kisha mwaga samadi kila mwaka. Ila ng'ombe si uliuza?"

Wewe ambaye mteremko wako bado ni mweusi, panda matete kabla ya mvua za Septemba, na moto usiuwashe.