Hongera, Umechaguliwa

Barua ilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, lile ambalo nusu ya kijiji chetu hulitumia. Bahasha ya kaki, muhuri mwekundu, jina la ndugu yangu mdogo kwa herufi kubwa. Hongera, umechaguliwa kusomea diploma ya usimamizi wa biashara. Mama alinipigia simu Nairobi akilia kwa furaha. Alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ndama.

Shida ni kwamba kijana hakuwa ameomba nafasi popote. Tena alikuwa amepata D+ kwenye KCSE, na diploma kwa kawaida hutaka C- kwenda juu.

Kwa kuwa chuo chenyewe kiko hapa mjini, nilikipitia Jumamosi: orofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Dada wa mapokezi hakuniuliza kijana alipata gredi gani. Aliuliza tu kama tutalipa shilingi 5,000 za kushika nafasi kwa M-Pesa au benki. Pesa hizo hazirudishwi. Nilipotaka kujua jina la ndugu yangu walilitoa wapi, alicheka. "Si tuko na listi."

Rafiki yangu mmoja hakuona kosa. "Wewe nawe. Hilo ni tangazo la biashara kama mengine. Na kama limempa kijana moyo, iko shida gani?" Alikuwa na hoja. Tangu matokeo yatoke, ndugu yangu alikuwa haendi dukani, akiogopa kuulizwa alipata ngapi. Siku barua ilipofika, alienda kununua mkate mwenyewe.

Lakini tangazo la sabuni haliniambii kwamba sabuni imenichagua mimi. Kuchagua ni kupima, na anayekupima anaweza pia kukukataa. Chuo kisichoweza kumkataa mtu hakijamchagua, kimemhesabu tu. Kuuza kozi si dhambi. Kinachoniuma ni kuchukua neno ambalo mtu aliyeanguka analingoja kwa hamu, kulibandika kwenye kila bahasha, kisha kumtoza pesa. Na wanajua ni nani atakayeamini: mzazi asiyejua tofauti ya C- na D+.

Na mimi je? Nilikaa siku tatu bila kusema neno. Nilijiambia namhurumia mama. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mtu wa kuleta habari mbaya. Siku hizo tatu nilikifanyia chuo kile kazi bila mshahara, na ndama alikuwa karibu kuuzwa.

Mwishowe nilimpigia ndugu yangu kwanza, kabla ya mama. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Nilikuwa nimeshuku. Lakini hakuna mtu mwingine aliniambia hongera."

Sikuwa na jibu. Miaka minne ya sekondari, na mimi kakake nilikuwa nimemtumia ujumbe mmoja tu: "Pole, tutaona."

Jioni hiyo tulifungua tovuti ya KUCCPS, yeye kwa simu yake, mimi kwa yangu. Alichagua mwenyewe cheti cha ufundi wa umeme, ambacho D inatosha kuomba. Kabla hajabonyeza kutuma, nilimwambia hongera kwa kumaliza shule. Nilisikia aibu kwa kuchelewa.

Bado hajajibiwa, na wanaweza kumkataa. Ndama yuko zizini. Mama ameihifadhi ile barua kwenye kabati la vyombo, na sijamwambia aitupe.