Ukoko Chini ya Kitufe

Mwaka 2019 fundi mmoja huko Marekani alifungua chombo cha muziki cha miaka ya 1960 ili akitengeneze, na kabla saa moja haijapita mwili wake ukaanza kumfanyia mambo asiyoyaelewa. Umeme haukumpiga, wala hakula kitu kibaya. Alikuwa amesafisha uchafu kwa kidole, basi. Nakileta kisa hiki kwa mafundi wa Morogoro kwa sababu kazi ya namna ile inafanyika hapa kwetu kwa mikono mitupu, na sioni sababu ya kuamini kwamba mimi au wewe tungekuwa waangalifu kuliko yeye.

Fundi huyo ni Eliot Curtis, aliyekuwa meneja wa uendeshaji wa matangazo katika kituo cha televisheni cha KPIX, San Francisco. Hakuwa mwanagenzi. Chombo chenyewe kilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California, East Bay, na kilikuwa kimefungiwa kwa miaka mingi kwenye kabati la darasa, penye giza na ubaridi. Ni cha jamii ya Buchla 100, vyombo ambavyo Don Buchla alianza kuvitengeneza katikati ya miaka ya 1960 kwa ombi la watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender.

Usidhani ni kinanda chenye vibao vyeupe na vyeusi. Buchla ni fremu iliyopangwa vipande vingi, na mpigaji huviunganisha kwa nyaya kadiri anavyotaka sauti itoke. Katika jamii hiyo imo sikwensa, kipande chenye safu ya vitufe vya kuzungusha. Kila kitufe kimeshika kiasi chake cha volti. Mapigo ya umeme yanasogeza zamu kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, na volti ya kila hatua ndiyo inayoamua noti ipande au ishuke. Hakuna kompyuta humo. Uchafu kidogo chini ya kitufe unatosha kuifanya noti irukeruke au ikwaruze, na kapasita iliyozeeka inaleta mngurumo. Ndiyo maana fundi anayetafuta tatizo kwenye chombo cha aina hii huanza na vitufe, akiwa na kopo la dawa ya kupulizia mkononi.

Curtis alipofungua kipande kimoja aliona kitu kimenata chini ya kitufe, ukoko wenye chembe zilizoganda. Akaupulizia dawa ya kusafishia, na ulipoanza kuyeyuka akausukuma kwa kidole ili utoke. Baada ya dakika kama 45 akahisi msisimko wa ajabu mwilini. Hali ile ilidumu kwa muda wa saa tisa hivi. Ukoko ulipopimwa, vipimo vitatu vya kikemia vilionyesha kwamba ni LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone na kusikia yasiyokuwepo. Giza na ubaridi wa lile kabati, inaaminika, ndivyo vilivyoihifadhi miaka yote hiyo.

Dalili zilikuwepo, na zinanisumbua kwa sababu zote tunaziona mara kwa mara na kuzipita. Vumbi hutanda. Likiingia kwenye chombo linafunika kila kitu, na kutu nayo hufuata chuma. Lakini ule ukoko ulikuwa mahali pamoja, chini ya kitufe, tena una chembe. Kitu kilichokaa mahali pamoja namna hiyo kililetwa na mtu au mnyama, hakikuingia na upepo. Hapo ndipo pa kusimama na kujiuliza ni nini, na hapo ndipo sisi mafundi tunapoharakisha, kwa kuwa tunaona tumeshaupata ugonjwa wa chombo.

Dalili nyingine ni historia ya chombo. Buchla alikuwa karibu na vijana wa San Francisco wa miaka ile, na miongoni mwa rafiki zake alikuwemo Owsley Stanley, mtu aliyejulikana sana kwa kutengeneza LSD. Uvumi kwamba baadhi ya vipande vya Buchla vilipakwa dawa hiyo ulikuwepo muda mrefu. Chombo cha zamani kina wenyewe waliotutangulia, na waliyoyafanya karibu nacho hayafutiki kwa sababu sisi hatuyajui.

Kisha kuna ile dawa ya kupulizia. Kitu kikavu kilichotulia kimeyeyushwa kikawa majimaji, na kidole kisicho na glovu kikapita juu yake. Wapo wanakemia wanaotilia shaka kwamba LSD inaweza kupenya ngozi kwa kiasi hicho, na huenda kidole kiligusa mdomo au jicho. Mimi sioni kama hilo linabadilisha chochote kwa fundi, maana kidole chenye uchafu hufika mdomoni bila mwenyewe kujua. Aprili 1943 mkemia Albert Hofmann wa Uswisi, aliyeitengeneza dawa hiyo, aliathirika nayo kwa bahati mbaya akiwa maabara, na kiasi kinachotosha kumlevya mtu hakifiki hata elfu moja ya gramu.

LSD ndani ya amplifaya huku kwetu sitarajii kuiona. Ninachoogopa kipo karibu zaidi. Mji huu ni wa muziki, mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na spika, amplifaya na vinanda vya zamani vimo majumbani, makanisani na kwenye mabaa. Vikichoka vinapelekwa stoo. Na stoo ya kwetu, hasa ukipanda milimani Mgeta, Matombo au Kinole, ndiyo pia mahali pa mahindi, pa bomba la kupulizia mboga na pa dawa za shambani.

Dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi ikimwagika juu ya kinanda inaingia kwenye matundu na kutulia chini ya vitufe. Nyingi kati ya dawa hizo zina kemikali za jamii ya organofosfeti, ambazo hupenya ngozi na kushambulia mishipa ya fahamu. Fundi akiondoa kifuniko na kuona unga mweupe pembeni mwa sakiti, mara nyingi anaupuliza kwa mdomo, nao unamrudia usoni. Ndugu yangu, usipulize kwa mdomo.

Panya nao wanapenda boksi lenye giza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa hapa Morogoro, wamewachunguza panya wetu kwa miaka mingi, na si kwa sababu ya mahindi tu. Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda. Julai 2022 ugonjwa huo ulipozuka Ruangwa, mkoani Lindi, watu 20 waliugua na watatu walifariki. Vimelea hivyo huishi penye unyevu, na unyevu ndio hali ya kawaida kwenye miteremko ya Uluguru. Ukikuta kiota cha panya ndani ya spika usikipanguse kikiwa kikavu. Vaa glovu na barakoa, kilowanishe kwa maji yenye jiki, kiache kidogo, ndipo ukitoe. Jiki iishie kwenye boksi la nje, maana inakula shaba. Kwenye sakiti tumia spiriti, na plagi iwe imeshachomolewa.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa kuwa hilo wengi wanalijua ila hawalifuati. Kapasita kubwa huendelea kushika chaji baada ya plagi kutoka, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuingiza vidole. Na chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Japani kinataka volti 100, cha Marekani 120. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujakipa volti 230 za hapa.

Jozi ya glovu za mpira ni kinga rahisi mno kwa kazi hii. Tazama kwa tochi kabla ya kupulizia dawa yoyote. Ukiona unga au ukoko usioujua, mwulize mwenye chombo. Na ikiwa umeshagusa, kisha ukapatwa na jasho jingi, mate kujaa mdomoni au macho kuona ukungu, nawa kwa sabuni na maji mengi, uwahi hospitali, na kama pakiti ya dawa ipo uende nayo.

Nawe unayempelekea fundi chombo cha marehemu babu au cha kwaya, usimwambie tu kwamba hakilii. Mwambie kilikaa chumba gani, muda gani, na kando yake mlikuwa mmehifadhi nini.