Kiota Kando ya Njia

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Katika Torati iko amri ndogo ambayo wengi wetu huisoma na kuipita haraka. Musa anawafundisha Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota cha ndege njiani, mama akiwa ameyaatamia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na watoto. Makinda aweza kuyachukua, lakini mama amwache aende zake. Ahadi iliyofungwa na amri hii ni heri na maisha marefu, sawa na ahadi wanayopewa wale wanaowaheshimu wazazi wao. Tazameni basi, Mungu hakatazi kula. Anakataza kula kwa namna ya kuimaliza kesho.

Je, kwetu sisi kiota hicho ni kipi? Ukitoka Njombe kwenda Makete na kuendelea mbele, utafika uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ulifanywa Hifadhi ya Taifa, nayo ni ya kwanza katika nchi za joto za Afrika kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Humo zimo aina zipatazo 45 za maua ya okidi. Chini ya maua hayo, udongoni, kuna viazi vidogo. Ndugu zetu wa Zambia huvitwanga na kuvipika pamoja na karanga na pilipili, na chakula hicho hukiita chikanda. Ni chakula cha heshima kwao. Lakini okidi zilipopungua kwao, wanunuzi walivuka Tunduma, na mamilioni ya viazi hivyo yakachimbwa katika nyanda zetu na kuchukuliwa kwa magunia kwenda ng'ambo.

Mkulima wa Njombe akivuna viazi mviringo hubakiza mbegu. Mchimbaji wa okidi hawezi. Yeye hung'oa mmea mzima, na mbegu za ua hili ni kama vumbi. Haziwezi kuota porini pasipo msaada wa kuvu walioko udongoni. Hapo mama na kinda wametwaliwa pamoja.

Ni rahisi kumnyoshea kidole mama aliyeko mlimani na jembe lake. Lakini yeye anatafuta sare na madaftari ya mtoto, na fedha anayopata ni kidogo. Mnunuzi naye hajarudi kuutazama mlima uliobaki mtupu. Mlaji wa mbali hajui hata ua lile lilikuwa na rangi gani. Kila mmoja ameona sehemu yake. Hakuna aliyekiona kiota chote. Sheria haikukosekana. Mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Tanzania na Zambia zote zimeuridhia, unataka kibali kabla okidi haijavuka mpaka. Ila sheria humkamata mtu mmoja njiani, na gunia jingine likapita usiku. Ndugu zangu, gunia limejua kuvuka mpaka. Mafundisho bado yanasitasita.

Wala kufundishana kuvuka mipaka si jambo geni kwetu. Mwaka 1961, kule Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba wanyama na pori ni amana, na kwamba kazi ya kuvitunza inahitaji wataalamu na msaada wa mataifa mengine. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, ambacho kimewafundisha utunzaji wa wanyamapori vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Na Kanisa letu je? Dayosisi yetu ya South West Tanganyika ilizaliwa mwaka 1952 kutoka Dayosisi ya Nyasaland. Baba zetu walipokea Injili iliyovuka ziwa kwa meli, wala hawakuiuliza imetoka nchi gani.

Basi tufanye nini? Kwanza, watoto wetu wa Shule ya Jumapili na wa kipaimara waijue amri hii ya kiota, na wayajue maua ya milima yao kwa majina ya nyumbani. Pili, ninyi wa Makambako mnakaa njia panda, mahali ambapo reli ya TAZARA na barabara ya Zambia hukutana na barabara ya Njombe na Songea. Abiria na madereva hula na kulala kwenu. Semeni nao kwa upole. Tatu, Waanglikana wako Zambia pia. Parokia moja ya kwetu na iandikiane na parokia moja ya kwao, si kwa kuwashitaki, bali kwa kuwaeleza jinsi kiota kilivyo huku kwetu, na kuwauliza wao walipotezaje cha kwao. Watakuwa na la kutufundisha.

Lakini tusimhubirie mwenye njaa na kumwacha na njaa yake. Anayeacha kuchimba asaidiwe kupata miche ya parachichi au mizinga ya nyuki, la sivyo maneno yetu ni upepo.

Bwana wetu aliwataka wanafunzi wayatafakari maua ya kondeni. Wajukuu zetu watayatafakari yapi, kama sisi tumeyauza yote kwa gunia?

Mungu atupe moyo wa kumwacha mama aende zake. Amina.