Mnyama Aliyezeeka Mikononi Mwetu

Limeletwa darasani kwetu suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, na baadhi ya waliohudhuria walitabasamu lilipotajwa. Mtu ana paka aliyekaa naye nyumbani miaka 16. Sasa amepofuka, amekonda, hula siku moja na siku mbili hali. Daktari wa wanyama amesema figo zake zimekwisha, akashauri apigwe sindano apumzike. Jirani amesema huko ni kuua nafsi bila ya haki. Mtoto wa nyumba amesema kumwacha vile ni dhulma. Mwenye paka anauliza: nani kati ya hawa asikilizwe?

Waliotabasamu wamesahau kuwa Mtume (s.a.w.) ametupa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachilia akajitafutia. Na imepokewa kuwa aliingia katika shamba la mmoja wa Answari, akamwona ngamia akitokwa na machozi, akamfuta, kisha akamwita mwenyewe na kumuonya, kwani ngamia yule alishitaki njaa na kazi isiyo na kiasi. Jambo lililosimamiwa hivi na Mtume si la kuchekwa.

Na tukitazama miji yetu, suala hili limo majiani. Katika vichochoro vya Lamu punda hubeba mawe, mchanga na boriti, na kazi ya nyumba nyingi tunazozisifu ilipita mgongoni mwake. Magoti yakilegea na meno yakiisha, wako wanaomwacha azunguke, wala hawasemi kuwa wamemtupa. Husema wamempa uhuru. Uhuru huo humfikisha jalalani, akala mifuko ya plastiki, ikamfunga tumbo. Paka naye hutiwa katika kikapu usiku akapelekwa soko la samaki, kana kwamba paka kipofu ataweza kushindana na wale wa sokoni. Mwaka 1987 ilifunguliwa Lamu zahanati ya punda na jumuiya ya Kiingereza, The Donkey Sanctuary, wakawatibu punda wa watu bila ya malipo. Twawashukuru. Lakini jambo lenyewe lilikwisha kusemwa katika vitabu vyetu zaidi ya miaka mia saba kabla yao.

Aliyelisema ni Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni wa Kishafii wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1262. Alipotaja haki za wanyama juu ya wanadamu, alianza kwa matumizi: kwamba mwenye mnyama amlishe kama anavyolishwa aliye mfano wake, hata akilemaa au akiugua kwa namna ambayo hapana faida tena ipatikanayo kwake. Tafadhali msomaji, usipite upesi hapa. Wengi wetu twadhani haki ya mnyama hutokana na kazi yake, na kazi ikikoma haki nayo hukoma. Mwanachuoni huyu ameikata hoja hiyo kwenye shina. Kwa hiyo, kabla mtu hajauliza juu ya sindano, na aulizwe kwanza: umemuuguza? Maji yako karibu naye? Chakula amelainishiwa? Mahali pake pa kulala ni pakavu?

Ama kujua hali yake, huko ndiko kwenye uzito, kwani mnyama hana ulimi, na hawa wawili, punda na paka, ni mahodari wa kuficha maumivu. Punda aghlabu haruki wala halii. Husimama tu kichwa chini, na mwenyewe akadhani amechoka, kumbe anaumwa vibaya. Punda mzee aliyeota meno kombo hutafuna majani kisha akayatema vibonge vibonge, na anayeona majani yakiingia mdomoni husema anakula. Tena kuacha kula kwake si jambo la kungojea, kwani mafuta ya mwilini humwagika katika damu, na hayo peke yake humuua. Paka anayeumwa hujificha mvunguni, huacha kujilamba, manyoya yakasokoteka. Akiwa na ugonjwa wa figo hunywa maji mengi na huku akikonda. Na hapa tutoe indhari ingawa si mahali pake khasa: parasetamoli tunayomeza sisi ni sumu kwa paka. Wako waliomuua paka kwa kumhurumia.

Mwaka 2004 daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kwenda, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama mpaka 10, na jumla ikizidi 35 huonekana kuwa maisha yale yangali yanastahili kuendelezwa. Sisi hatudhani roho yapimika kwa hesabu, na tungeogopa mtu anayesema paka wangu jana alikuwa 36 na leo 34. Lakini lile la saba tumelipenda, kwa kuwa halihitaji elimu. Chukua kalenda ya ukutani, na kila jioni tia alama: leo alikula, alijinyoosha juani, alikuja alipoitwa, au leo hakufanya lolote katika hayo. Baada ya mwezi mmoja karatasi itasema jambo ambalo moyo ulikuwa ukilikwepa.

Maana moyo hudanganya kwa pande mbili. Yuko aliyechoshwa na harufu ya mkojo na gharama ya dawa, akasema mnyama anateseka, hali anayeteseka ni yeye. Na yuko ampendaye mnyama wake hata hawezi kuiona nyumba bila yeye, akamshikilia wiki baada ya wiki na kumtilia maji kwa nguvu, na huita jambo hilo subira. Subira ni ya nani hapo? Huyu wa pili watu humsifu, nasi twaona kuwa dhulma yake yaweza kuwa kubwa kuliko ya yule wa kwanza, kwa sababu hapana amkatazaye.

Tuje katika kuua. Mbuzi, ng'ombe na ngamia hawana mushkili, kwani huchinjwa. Shida iko kwa asiyeliwa. Wanazuoni wetu wa Kishafii wa zama za baadaye wameharimisha kumchinja, japo kwa kumpumzisha, na mfano waliouchagua wenyewe ni punda aliyelemaa. Mahanbali nao wamekataza, wakatoa sababu kuwa mnyama angali hai ni mali na mali haiharibiwi, tena wakamlinganisha na mwanadamu mwenye maumivu makali, ambaye haijuzu kumuua. Mamaliki wameruhusu pindi inapokatika tamaa ya kunufaika naye, na miongoni mwao wako walioona kuwa ni jambo lipendezalo, kwa kuwa lampumzisha. Mahanafi pia wameruhusu katika punda mgonjwa asiyefaa tena.

Sisi tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, wala hatuyaachi kwa wepesi. Lakini punda asiyeweza kusimama si mali ya mtu yeyote kwa kweli, na kulinganisha na mwanadamu hakutimii. Mwanadamu mgonjwa hufutiwa dhambi kwa maumivu yake, huusia, hutubu, husamehewa na aliowakosea. Saa yake ya mwisho yaweza kuwa bora kuliko miaka yake yote. Mnyama hana taklifu wala haelewi kwa nini anaumwa. Ana leo tu, na leo yake ni maumivu. Kwa hiyo twaelemea kwa walioruhusu, ila kipimo chao cha manufaa hatukichukui, maana hicho ndicho kiwapelekacho punda jalalani. Kipimo kiwe maumivu yake, yaliyothibitishwa na daktari mwaminifu kuwa hayatulizwi wala hapana tamaa ya kupona. Kipofu anayekula na kulala vyema hamo katika hukumu hii, wala kilema, wala mzee aliyechakaa tu.

Na likifanywa, lifanywe kwa ihsani, kama Mtume alivyoamrisha hata katika kuchinja. Daktari atakiwe ampe kwanza dawa ya usingizi, kisha ndiyo ile ya mauti. Na anayemjua mnyama akae naye, sauti yake isikike. Asifanyiwe mbele ya mwenziwe. Lakini akiisha kufa, ikiwa ni punda aliyeishi na punda mwengine, yule mwenziwe aletwe amwone na kumnusa, kwani asipomwona huzunguka akimtafuta na kumlilia, akakataa majani, akaugua naye. Waachwe pamoja kwa muda, na mzoga usiondolewe mpaka aliyebaki ageuke mwenyewe aende zake.