Sikio la Mchekeshaji

Msikilizaji wa Silibwet, wewe uliye njiani kwenda kuchuma majani chai, tega sikio.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are wa kundi la wachekeshaji la Redykyulass alimwigiza Rais Moi angali Ikulu. Hilo lilitaka moyo! Mwaka 2009 kikaja kipindi cha televisheni cha XYZ Show, vikaragosi vya wanasiasa vikisemewa na waigizaji tusiowaona. Kazi hiyo ya kuigiza watu huanza kwa kusikiliza: pumzi, kusita, kikohozi.

Leo namwaza mchekeshaji mwenye sikio kama hilo, ambaye mtoto wake ana usonji. Mtoto akiitwa haitiki. Mvua ikipiga mabati anaziba masikio. Halafu, ghafla, anakariri tangazo la redio neno kwa neno, na mlio wake wote. Majirani wanasema amerogwa. Hapana, jamani. Mara nyingi ndivyo anavyoongea. Tangazo la maziwa huenda ni njaa. Mzazi mwenye sikio zuri atalishika hilo mapema.

Mama, baba, usimfiche mtoto ndani. Vituo vya EARC vya kutathmini mahitaji ya watoto vipo Kenya tangu 1984. Ukishapimiwa majani yako leo, pitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulizie kituo kilicho karibu nawe.