Mtoto Hutazama Tunachofanya Asubuhi

Baba anapompiga mama, sisi wakubwa hujifariji kwamba watoto walikuwa wamelala, au ni wadogo mno kuelewa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi hazitafuti sababu. Mtoto huitafuta.

Aliye mdogo huipata kwake mwenyewe: nilimwaga uji, niliomba hela ya daftari, ndiyo maana wamegombana. Akikua kidogo, huanza kusoma nyuso za wakubwa, na hapo kila nyumba humfunza lake.

Katika nyumba ya kupanga, Manzese au Kayole, ukuta mmoja hutenga familia mbili. Wapangaji wote wamesikia, lakini asubuhi bombani mama anasalimiwa kana kwamba hakuna kitu. Mtoto anaelewa kwamba haya ni mambo ya mtu na mkewe. Kwenye nyumba ya geti, dada wa kazi huongeza sauti ya televisheni, na kesho yake shuleni mtoto husema mama aliteleza bafuni. Yeye ameelewa kwamba heshima ya ukoo hulindwa kwa uongo, na sasa ni zamu yake kuilinda. Kijijini, mama hurudi kwao, wazee hukaa kikao, baba hutozwa mbuzi, mama hurudishwa. Mtoto wa huko ameelewa kwamba kipigo kina bei, na aliyepigwa si lazima aulizwe.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inatamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo, katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, zaidi ya nusu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikubali kwamba ipo walau sababu moja ya mume kumpiga mke. Hawakuzaliwa na jibu hilo. Walilelewa nalo.

Basi shangazi, jirani, mwalimu, usingoje wazazi wapatane ndipo uzungumze na mtoto. Mwambie hakusababisha yeye. Mwambie kupiga ni kosa, hata kama aliyepiga ni baba anayempenda. Mwambie asijitie katikati kuwaamua, akimbilie kwako. Na ukikwama, namba 116 hupokea simu za watoto bure, Tanzania na Kenya. Usuluhishi wa ndoa unaweza kuchukua miaka. Mtoto anahitaji maelezo asubuhi hiyo hiyo, kabla hajajitungia ya kwake.